Tangi la lita 112: samaki wangapi?

Swali: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mpendae, Unguja. Fundi wa vioo amenitengenezea tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40, na mwanangu wa miaka 11 halali kwa kulisubiri. Muuzaji wa samaki ameniambia kuwa kanuni ni sentimita moja ya samaki kwa kila lita ya maji, kwa hiyo nichukue samaki wa dhahabu 20 wa sentimita 4 na gapi (guppy, visamaki vidogo vya maji matamu) 8 wa kiasi hicho hicho. Kaka yangu aliyeko Chake Chake anasema samaki wasizidi 10, wawe wa aina yoyote. Maji yetu ni ya kisima, na umeme hukatika mara kwa mara. Nimsikilize nani? Na je, vile visamaki vya rangi ambavyo mwanangu huvikuta vidimbwini maji yakipwa, vinaweza kuwekwa humo?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu maswali mengi ya namna hii hunifikia baada ya maji kugeuka meupe kama tui na nusu ya samaki kufa.

Nitakupa jibu kwanza, kisha sababu zake. Katika tangi hilo, kwa maji hayo na kwa umeme huo, weka gapi madume 20, wasizidi 25, na usiweke samaki wa dhahabu hata mmoja. Muuzaji amekosea kwa kiasi kikubwa. Kaka yako amekuwa mwangalifu zaidi, lakini naye amehesabu vichwa bila ya kuuliza ni vichwa vya nani: samaki wa dhahabu 10 wangeteseka humo kama wangeteseka 20, ilhali gapi 10 wangeacha nafasi nyingi isiyotumika.

Tuanze na maji yenyewe. Ukizidisha 80 kwa 35 kwa 40 unapata sentimita za ujazo 112,000, yaani lita 112, lakini hakuna anayejaza tangi mpaka ukingoni. Ukiacha sentimita 4 juu ili samaki wasiruke nje, na ukatandaza changarawe ya sentimita 4 chini, yatabaki maji yenye kina cha sentimita 32, ambayo ni karibu lita 90. Hizo 90 ndizo tutakazozifanyia hesabu. (Maji hayo pekee yana uzito wa kilo 90, bila ya vioo na mawe, kwa hiyo usilipandishe tangi juu ya kimeza cha runinga.)

Kanuni ya sentimita kwa lita ni ya zamani na imewasaidia wengi, lakini muuzaji ameitumia vibaya mara mbili. Kwanza, wafugaji waangalifu wa samaki wa maji matamu ya joto huhesabu lita 2 kwa kila sentimita ya samaki, bila ya kuhesabu mkia, na kwa lita zako 90 hiyo ni jumla ya sentimita 45. Pili, na hili ndilo kosa kubwa zaidi, sentimita zinazohesabiwa ni za samaki aliyekwisha kukua. Samaki wa dhahabu wa sentimita 4 ni mtoto. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 15, hata 20 na zaidi, na huishi miaka 10 au kuzidi. Muuzaji amekupimia nguo ya mtoto mchanga akakwambia utaivaa mpaka uzeeni.

Hata kwa samaki waliokua, urefu wenyewe hudanganya. Samaki akirefuka mara mbili huwa amenenepa na kupanuka vilevile, kwa hiyo uzito wake huongezeka takriban mara nane. Samaki mmoja wa sentimita 20 na samaki kumi wa sentimita 2 wana sentimita sawa kwenye rula, lakini yule mmoja ana uzito wa mara mia moja ya wale kumi kwa pamoja, iwapo maumbile yao yanafanana. Ni kweli kwamba gramu moja ya samaki mkubwa hula na kuhema kidogo kuliko gramu moja ya samaki mdogo, lakini tofauti hiyo haikaribii kabisa kufidia pengo la mara mia. Ndiyo maana kanuni ya sentimita hufaa kwa samaki wembamba wasiozidi sentimita 6 hivi, na zaidi ya hapo mimi siiamini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni eneo la uso wa maji, kwa sababu karibu oksijeni yote wanayovuta samaki huingilia hapo. Uso wa tangi lako ni 80 mara 35, yaani sentimita za mraba 2,800. Kwa samaki wa maji matamu ya joto huwekwa sentimita za mraba 30 kwa kila sentimita ya samaki, na hapo unapata sentimita 93. Kwa samaki wa maji baridi, ambao samaki wa dhahabu ni mmoja wao, huwekwa kama 75, na jumla inashuka hadi sentimita 37, yaani samaki wawili waliokua, basi. Fundi wako amefanya vyema kukupa tangi la kulala, kwani tangi refu la kusimama lenye lita zile zile 112 lingekuwa na uso mdogo na lingebeba samaki wachache zaidi.

Sasa una vipimo viwili vya jumla ya samaki, sentimita 45 kwa hesabu ya lita na sentimita 93 kwa hesabu ya uso wa maji. Gapi dume ana mwili wa sentimita 3 hivi ukiuacha mkia, kwa hiyo 20 ni sentimita 60 na 25 ni sentimita 75. Nimekuweka katikati, na sababu za kutokupandisha juu zaidi ziko kwenye chakula, kwenye kisima chako na kwenye umeme.

Kila unachokitia kwa jina la chakula hubaki ndani ya tangi kwa sura nyengine. Chakula cha samaki cha kawaida kina protini kiasi cha asilimia 40, na takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Kwa hiyo gramu moja ya chakula huingiza miligramu 64 za naitrojeni, na angalau nusu yake samaki huitoa kupitia mashavu yake ikiwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kwenye sifongo ya chujio huibadilisha amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huibadilisha nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia iwapo si nyingi. Nitreti haiondoki yenyewe, isipokuwa kwa kiasi kile kinacholiwa na mimea. Unaiondoa wewe kwa ndoo.

Fanya hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo idadi ya samaki inapopatikana kwa kweli. Gramu moja ya chakula kwa siku katika lita 90 hukuachia angalau miligramu 11 za nitreti kwa kila lita kila wiki. Ukibadilisha robo ya maji kwa wiki, kiwango hakitulii kwenye 11. Hupanda wiki hadi wiki mpaka kile unachokitoa kilingane na kile kinachozalishwa, na hapo huwa kimefika miligramu 44 kwa lita, ambako ndiko karibu na mpaka nisioupenda kuuvuka. Maana yake ni kwamba tangi lako, kwa ndoo moja ya lita 20 na ushei kila wiki, linabeba gramu moja ya chakula kwa siku. Samaki wa mapambo hula kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Samaki wa dhahabu wa sentimita 15 anaweza kuwa na gramu 60, basi 20 kati yao ni kilo moja na ushei ya samaki ndani ya lita 90, wakila gramu 24 kwa siku na kuongeza zaidi ya miligramu 260 za nitreti kwa lita kila wiki. Hakuna chujio wala ndoo ya kuwahi hayo. Gapi madume 20, kwa upande mwengine, hawafikishi hata gramu 10 kwa pamoja.

Huenda ukauliza kwa nini basi nisikuruhusu gapi 60. Kwa hesabu ya chakula pekee, tangi kongwe lenye chujio zuri lingewabeba. Lakini chakula halisi cha gapi 20 ni chembe chembe, na nyumba yenye watoto watatu haitii chembe: kila mmoja hupitia tangini akarusha kidogo, na jioni huwa imeingia gramu nzima. Ninaiachia nafasi mikono ya watoto kwa sababu najua itafika, na sipendi samaki wauawe na upendo wa mtoto.

Kuhusu kisima. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Bila shaka umeuona ukoko mweupe ndani ya birika lako. Gapi hupenda maji ya namna hiyo, na ni sababu mojawapo ya kukuchagulia hao. Lakini maji ya chokaa huwa na pH ya juu (pH ni kipimo cha asidi ya maji, nacho hupanda asidi ikipungua), na amonia hubadilika sura kulingana na pH na joto. Katika maji yenye pH 7, hata sehemu moja katika mia ya amonia haiko katika ile hali inayoua. Katika maji yenye pH 8 na joto la nyuzi 28, ni zaidi ya sehemu 6 katika mia. Yaani samaki wale wale, chakula kile kile na kinyesi kile kile huwa na sumu karibu mara kumi kwa sababu ya kisima tu. Idadi zinazoandikwa kwa ajili ya nchi zenye maji laini na baridi haziwezi kuhamishiwa Mpendae kama zilivyo. (Onja maji hayo kwanza, kwani kisima chenye chumvichumvi wakati wa kiangazi kinahitaji mazungumzo mengine. Na siku utakayotumia maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yaache wazi ndooni usiku kucha kabla ya kuyamimina.)

Nije kwenye umeme, ambao ndio ulionifunza mimi kuhesabu. Mwezi Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010, katikati ya joto la kaskazi. Nilikuwa na matangi mawili ukumbini. La kwanza lilikuwa la lita 120, na ndani yake samaki wa dhahabu 14 niliowalea kwa miaka mitatu, maji yakiwa meupe kama kioo kwa sababu pampu na chujio vilifanya kazi usiku na mchana. La pili lilikuwa dogo, la lita 60, lenye mimea mingi na gapi 9, na chujio la sifongo nililokuwa nikilisahau. Usiku wa kwanza, saa tisa, niliwasha kandili nikawakuta samaki wa dhahabu wote wamepanda juu, midomo wazi, wakitweta kwenye uso wa maji. Nilichota na kumimina kwa kopo mpaka alfajiri, nikaenda kusali, na niliporudi 11 walikuwa wamekufa. Gapi 9 waliishi miezi yote mitatu bila ya pampu, na umeme uliporudi walikuwa wameshazaana.

Sababu yake inapimika. Lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 9.1, na ikifika nyuzi 30 haizidi 7.6, ilhali samaki aliye kwenye joto huhema zaidi. Tangi langu la lita 120 lilikuwa na akiba ya miligramu 900 hivi za oksijeni, na zaidi ya nusu kilo ya samaki wakiigombania, pamoja na bakteria na mabaki ya chakula ambayo nayo huvuta oksijeni hiyo hiyo. Pampu ilikuwa ikinificha kosa langu kwa miaka mitatu. Tangu hapo sihesabu samaki kwa siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Nawahesabu kwa usiku wa mwezi wa pili, joto limetanda, pampu imesimama na mimi nimelala.

Kwa hiyo nunua chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa, na ukiweza uwe na pampu ndogo ya betri kando. Umeme ukikatika, acha kulisha siku hiyo, ondoa kifuniko, na uchote maji kwa kopo na kuyamimina kutoka shubiri mbili juu, dakika chache kila saa. Wenye machujio ya boksi lililofungwa wajue kwamba maji yaliyolala ndani yake kwa saa nyingi huoza. Yamwagwe na sifongo isuuzwe kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha tena, la sivyo uchafu wote hurudi kwa samaki kwa mkupuo mmoja.

Nimesisitiza madume kwa sababu gapi jike anayeuzwa dukani karibu kila mara ameshabeba mimba, huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, na huzaa takriban kila wiki nne, mara nyingi watoto 20 hadi 50. Ukinunua majike matano leo hutakuwa na idadi ya samaki uliyoichagua wewe. Iwapo mwanao anatamani kuona samaki wakizaa, na ni jambo zuri la kumfundisha, basi anza na dume 2 na majike 4 tu, na uwe umeshapata jirani wa kuwagawia watoto wao.

Ukitaka samaki wengine, maji yako yanawafaa mbuna wa Ziwa Nyasa, lakini hao hupigania mawe na tangi lako ni dogo kwao. Samaki mpiganaji dume hukaa mmoja peke yake, na asichanganywe na gapi, maana huirarua mikia yao. Na kwa kuwa uko Unguja, ningependa mwanao ajue kwamba kisiwa hiki kina samaki wake mdogo mwenye mkia mwekundu, Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1893. Huishi kwenye madimbwi ya mvua, huzikia mayai topeni, dimbwi hukauka naye akafa, na mayai husubiri mvua nyengine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemfuga kwa miongo mingi, na sisi tunalipita dimbwi lake bila ya kulitazama. Mwende mkamwone, lakini msimtoe.

Visamaki vya pwani navyo naomba viachwe vilipo. Maji ya bahari yenye nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 6.2 tu kwa lita, na kipimo cha uso wa maji kwa samaki wa baharini ni sentimita za mraba 120 kwa sentimita moja ya samaki, kwa hiyo tangi lako lote lingekuwa la sentimita 23, samaki wadogo wanne, tena kwa mfugaji mzoefu. Maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki na kukolea. Mpeleke mwanao Nungwi, kwenye bwawa la kasa la Mnarani, aone jinsi bahari yenyewe inavyoingia na kutoka kwa kujaa na kupwa. Hilo ndilo badiliko la maji ambalo wewe na ndoo yako hamliwezi.

Sasa namna ya kuwaingiza. Jaza tangi, washa chujio, na baada ya siku chache weka gapi 5 tu, kwa sababu bakteria wa chujio bado hawapo, na huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Ukiweza kumwomba mfugaji mwengine kipande cha sifongo yake chafu, utapunguza muda huo. Wiki hizo lisha chembe mara moja kwa siku, na wakianza kutweta juu au kujisugua kwenye mawe, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo bila ya kungoja. Wiki ya sita ongeza 5, kisha 5 kila baada ya wiki mbili, na usiongeze wengine iwapo katika wiki hizo mbili amekufa hata mmoja. Utafika 20 wiki ya kumi. Zile nafasi 5 zilizobaki ziache mpaka kaskazi moja ipite. Mwanao awahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, kwa sababu gapi aliyefia nyuma ya jiwe asionekane anaweza kuyachafua maji ya wenzake kabla ya jioni.